Uzi maalumu: Risiva ina waya mmoja wa signali, sevo ziko nne. Unachomeka wapi?

Mwanaziwa (Kigoma), mleta uzi

Wakuu habari za jioni.

Nimeamua kuandika hili kwa urefu kwa sababu vijana wanaorusha ndege za rimoti hapa Kigoma wananiletea swali lile lile. Anakuja na kirisiva kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kina waya tatu tu, na anauliza: "Kaka, sevo nachomeka wapi?" (Risiva ndiyo inayopokea amri za rimoti; sevo ni kile kimota kidogo kinachosogeza sehemu za bawa na mkia.)

Mimi mwenyewe nilikwama hapo. Ndege yangu ya kwanza ya maana niliijenga kwa povu jeupe la maboksi ya kubebea samaki. Bawa mita 1.2, aileroni mbili (vibawa vya kuilaza ndege upande), eleveta (ya kupandisha na kushusha pua), ruda (ya kugeuza pua kushoto na kulia) na mota moja. Risiva niliagiza Dar ikaja na basi. Kufungua bahasha, nakuta waya mwekundu, mweusi na mweupe, basi. Nina sevo nne na ESC moja (kifaa cha kuendesha mota) mkononi. Nikachomeka sevo moja kwenye ule waya. Ikatetemeka kidogo, ikanyamaza. Nikaamini nimeuziwa kitu kibovu na nikakaa na hasira wiki nzima. Risiva ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa inasema lugha ambayo sevo yangu haiijui.

Tuanze na sevo. Sevo ya kawaida, iwe SG90 ya gramu 9 au MG996R kubwa, haisomi namba. Inapima muda. Volti kwenye waya wa signali inapanda, inakaa juu kidogo, inashuka. Ikikaa juu maikrosekunde 1500, sevo inasimama katikati. Ikikaa 1000 inakwenda upande huu, 2000 inakwenda upande ule. Jambo hilo linarudiwa karibu kila milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo PWM, na ndiyo maana risiva za zamani zina safu ya pini: kila chaneli, yaani njia ya amri moja, na pini zake tatu.

Risiva ya siriali imekusanya chaneli zote kwenye waya mmoja, inazituma kama namba zinazofuatana. Chukua S.BUS ya Futaba, ambayo kampuni nyingine nyingi nazo zimeifuata. Inatuma furushi la baiti 25. Baiti ya kwanza ni ya kufungulia, 22 zinazofuata zimebeba chaneli 16 za biti 11 kila moja (16 mara 11 ni 176, gawa kwa 8 unapata 22), kisha inakuja baiti ya bendera, halafu ya kufungia. Mwendo wake ni biti 100000 kwa sekunde. Furushi zima linapita kwa milisekunde 3, na jipya linafuata baada ya milisekunde 14, au 7 kwenye risiva zinazotuma kwa kasi.

Sasa utaona kwa nini sevo yangu ilitetemeka tu. Kwa mwendo huo biti moja ina maikrosekunde 10. Hata biti zote za baiti moja zikijipanga upande wa juu, hazivuki maikrosekunde 100 kabla biti za kusimama hazijaushusha waya. Sevo inasubiri 1000. Kwake hizo ni kelele tu.

Waliowahi kupokea mzigo pale stesheni ya reli wataelewa haraka. Treni imeleta behewa moja lenye vifurushi vya mji mzima. Huwezi kumpeleka mama yako akavute behewa. Lazima awepo karani wa kusoma majina na kumpa kila mtu chake. Risiva ya siriali ni behewa, sevo ndio wenye mizigo, na uzi huu wote unamhusu karani.

Karani huyo anapatikana kwa njia nne, na sizipendi kwa kiwango sawa.

Ya kwanza ni kumkwepa: nunua risiva yenye pini za PWM. FlySky FS-iA6B ina chaneli 6 za PWM na tundu la siriali pembeni. FrSky X8R ina 8 na S.BUS juu yake. Hata upande wa ExpressLRS (mfumo mwingine wa rimoti na risiva) kuna RadioMaster ER6 na Happymodel EPW6, zote zinatoa PWM moja kwa moja. Kama ndege yako ni ya chaneli nne na bado unajifunza kutua, chukua hii. Nasema kwa moyo mmoja, usijitese.

Ya pili ni dikoda ya dukani, kijibodi cha umeme kinachopokea S.BUS upande mmoja na kutoa PWM upande wa pili. Uzuri wake mkubwa unauona kwenye mabawa marefu. Unaiweka dikoda ndani ya bawa, na kutoka kwenye kiwiliwili unapitisha plagi moja ya waya tatu badala ya plagi nne. Ukifika uwanjani unafunga bawa, unachomeka plagi moja, umemaliza.

Ya tatu ni sevo zenyewe kuijua S.BUS. Futaba wanazo. Unaiambia kila sevo namba ya chaneli yake kwa kifaa cha kuziprogramu, kisha zote unazigawia kutoka kwenye waya ule ule mmoja. Ni safi sana, ila bei yake kwa mfuko wa huku ni nzito.

Ya nne ni kontrola ya urukaji, ile bodi yenye jairo (kihisi kinachojua ndege ikiinama). Inasoma siriali, inachanganya chaneli, inatoa PWM kwa sevo. Hii waachie wanaoitumia kila siku waieleze hapa chini.

Na kuna njia ya tano ya sisi wenye mikono inayowasha: Arduino, bodi ndogo unayoiandikia programu mwenyewe. Nitarudi nayo, ngoja nile kwanza.

mgebuka

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu usiishie njiani kama nyuzi nyingine.

Asali_Tabora

Mkuu Mwanaziwa, hongera kwa uzi. Niko Tabora, maeneo ya Isevya. Mimi nina rimoti ya FlySky FS-i6 na risiva ndogo ya FS-A8S. Nimeona imeandikwa i-BUS na S.BUS. Je, ni kitu kimoja? Dikoda ya S.BUS itaisoma i-BUS?

Mwanaziwa (Kigoma)

Haitaisoma, kaka. Ni lugha mbili tofauti. i-BUS ya FlySky inakwenda kwa mwendo wa 115200, furushi lake lina baiti 32: mbili za mwanzo (20 na 40 kwa hesabu ya heksa), chaneli 14 za baiti mbili mbili, kisha baiti mbili za kuhakiki. Namba zake ni rahisi kwa binadamu, 1500 ni katikati kama ilivyo kwenye PWM. S.BUS inakupa namba kati ya 172 na 1811 kwa rimoti nyingi, katikati ni 992, na inabidi ubadilishe: toa 992, zidisha kwa 5, gawa kwa 8, jumlisha 1500.

Tofauti nyingine inayowachanganya watu: S.BUS imegeuzwa. Mahali ambapo siriali ya kawaida inakaa juu ikiwa imepumzika, S.BUS inakaa chini. i-BUS haijageuzwa. Kwa kuwa FS-A8S yako inaweza kutoa zote mbili, chagua ile ambayo dikoda yako inaijua, kisha uhakikishe umeichagua kweli kabla ya kulaumu waya.

Sasa Arduino kama nilivyoahidi.

Mimi natumia Arduino Pro Mini ya volti 5, ya MHz 16. Nano nayo inafaa, ila kwenye Nano pini ya RX (ya kupokea) imeshirikiana na chipu ya USB, kwa hiyo kila unapopakia programu lazima uchomoe S.BUS kwanza. Kwa S.BUS unahitaji transista moja ya NPN kugeuza signali: BC547 au 2N2222, hata uliyoitoa kwenye redio mbovu. Signali ya risiva inapita kwenye rezista ya kiloomu 10 kwenda besi. Emita kwenye hasi. Kolekta kwenye RX, na kutoka kolekta rezista ya kiloomu 4.7 inapanda kwenye volti 5. Imekwisha. Kwenye programu unafungua siriali hivi:

Serial.begin(100000, SERIAL_8E2);

Ile 8E2 usiiache. S.BUS ina biti 8 za data, pariti ya shufwa na biti mbili za kusimama. Ukiacha mpangilio wa kawaida utapata takataka na utazunguka nazo usiku kucha. Habari njema ni kwamba saa ya MHz 16 inagawanyika sawasawa kupata 100000, hakuna hata punje ya kosa.

Kupanga biti kunatisha lakini ni kushona tu. Chaneli ya 1 ni baiti ya 1 yote pamoja na biti 3 za chini za baiti ya 2. Chaneli ya 2 inaanzia biti 5 zilizobaki za baiti ya 2 na kuchukua 6 za baiti ya 3. Inaendelea hivyo hadi 16. Ukishaandika mbili za kwanza kwa mkono wako, zilizobaki zinajiandika.

Kijana wa Isevya

Shikamoo wakubwa. Mimi nina risiva ya ExpressLRS, inatoa CRSF, lugha nyingine ya siriali. Nimefuata mafunzo, Arduino Nano haioni kitu kabisa. Nimebadilisha waya mara tatu.

Mwalimu wa Fizikia

Marahaba kijana. Waya zako hazina kosa, kosa ni la hesabu. ExpressLRS inatuma CRSF kwa biti 420000 kwa sekunde. Chipu ya Nano ina saa ya MHz 16, na siriali yake inapata mwendo kwa kuigawa saa hiyo kwa namba nzima. Mwendo wa karibu kabisa inaoweza kuufikia ni 400000. Hiyo ni tofauti ya karibu asilimia 5. Siriali inaanza kuhesabu upya kila baiti, lakini kufikia biti ya mwisho tofauti hiyo imeshalimbikizana karibu nusu ya biti, na inasoma mahali pasipo.

Una njia mbili. Tumia bodi yenye saa ya kasi, kama ESP32 au ile yenye chipu ya RP2040. Au ingia kwenye ukurasa wa Wi-Fi wa risiva yako, tafuta sehemu ya protokoli ya siriali, uibadilishe kutoka CRSF iwe SBUS. Kwenye orodha utaona SBUS ya kawaida na iliyogeuzwa, na moja kati ya hizo itakuondolea hata kazi ya transista. Jaribu zote.

Na kwa CRSF kumbuka: TX ya risiva inakwenda RX ya bodi, na RX inakwenda TX. Zinapishana.

Kijana wa Isevya

Asante sana mwalimu. Nimebadilisha kuwa SBUS usiku huu huu, namba zinatembea kwenye skrini nikigusa stiki. Nimefurahi sijui nisemeje.

Fundi Redio Kasulu

Naomba niulize kinyume. Hivi kwa nini tuhangaike? PWM imerusha ndege miaka na miaka. Waya mmoja ukikatika kwenye PWM umepoteza sevo moja. Ukikatika kwenye S.BUS umepoteza zote. Mimi ni fundi, naogopa kitu chenye shingo moja.

Mwanaziwa (Kigoma)

Fundi, hoja yako ni ya kweli na siipingi. Ndiyo maana nilianza kwa kusema ndege ya chaneli nne itumie PWM. Lakini fikiria glaida la mita 2 na nusu lenye sevo nne mabawani na mbili mkiani. Kwa PWM una nyaya 18 na plagi sita, na kila plagi ni mahali pa kulegea. Uwanjani nimeona plagi ya aileroni imechomekwa kwenye tundu la ruda na ndege ikarushwa hivyo hivyo. Shingo moja iliyochomelewa vizuri kwa risasi na kufungwa na mrija wa kusinyaa naiamini kuliko plagi sita za kuchomoa na kuchomeka kila Jumapili.

Ila sijawahi kupoteza ndege kwa waya wa signali. Niliyoipoteza niliipoteza kwa umeme, na hapa ndipo naomba kila mtu asome polepole.

Ilikuwa asubuhi upande wa Ujiji, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Dikoda ya Arduino, sevo nne za chuma, ESC yenye BEC ya ndani (kipunguza volti kinacholisha risiva na sevo). Mezani kila kitu kilicheza vizuri. Dakika ya tatu hewani nikaikunja kwa nguvu kulia, sevo zote zikavuta kwa wakati mmoja, na ndege ikaacha kunisikia. Ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye michikichi. Nilipoifikia, taa ya risiva ilikuwa inawaka kama kawaida, imetulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kilichotokea ni hiki. Sevo zilivuta, volti ya BEC ikazama, risiva ikazimika na kuanza upya. Kwangu mimi zilikuwa sekunde chache tu, lakini ndege haikuwa na kimo cha kuzisubiri.

Waya wa S.BUS unabeba maneno, haubebi nguvu. Watu wanaona plagi moja ndogo ya waya tatu inaingia kwenye dikoda, wanadhani sevo sita zitakula kupitia uzi ule mwembamba. SG90 moja ikikwama inavuta karibu ampea 0.65. MG996R ikikwama kwenye volti 6 inavuta karibu ampea 2.5. Zidisha kwa idadi ya sevo zako, halafu angalia BEC yako imeandikwa ampea ngapi. ESC nyingi za ampea 30 tunazonunua huku zina BEC ya ampea 2. Ile 30 ni ya mota, sevo hazihusiki nayo.

Kwa hiyo mimi sasa natengeneza njia kuu mbili za shaba nene, moja chanya, moja hasi, na sevo zote zinakula hapo moja kwa moja kutoka BEC. Kutoka kwenye Arduino inatoka signali tu. Hasi ya BEC, ya Arduino, ya risiva na ya ESC zote zinakutana. Hasi zisipokutana, signali haina pa kurudia, sevo zitacheza ngoma yake yenyewe.

Asali_Tabora

Mkuu hapa umenigusa. Mimi BEC yangu imeandikwa ampea 2, sevo zangu ni ndogo nne, na bado mchana zinakufa. Asubuhi hakuna shida. Natumia betri ya seli 3.

Mwalimu wa Fizikia

Hiyo asubuhi na mchana ndiyo jibu. BEC yako nadhani ni ya linia. Hiyo inapunguza volti kwa kuichoma iwe joto. Betri ya seli 3 iliyojaa ina volti 12.6. Sevo zinataka 5. Zile 7.6 zilizobaki zinakuwa joto. Sevo zikivuta ampea 1, ni wati 7.6 ndani ya kipande cha ukubwa wa biskuti ambacho umekifungia ndani ya povu, na povu halipitishi joto. Ongeza jua la Oktoba la Tabora. Inapashwa mpaka inajizima yenyewe kujikinga.

Ukitumia seli 2, volti 8.4, joto kwa ampea ile ile linashuka hadi wati 3.4. Ndiyo maana baadhi ya ESC zinaandika idadi ya sevo inayopungua kadiri seli zinavyoongezeka. Dawa ya kweli ni BEC ya swichi, ya nje, ya ampea 3 au 5. Ukiiweka hiyo, chomoa waya mwekundu kwenye plagi ya ESC na uufunge na tepu, ili BEC mbili zisisukumane.

Dada Rubani

Nilikuwa nasoma kimya. Niongezee upande wa kontrola ya urukaji maana nimetumia INAV (programu ya kontrola hizo) kwenye ndege yangu hapa Kigoma kwa muda sasa.

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Dada nimechomeka USB, kwenye skrini stiki zinaonekana, sevo hazitikisiki, bodi mbovu?" Sio mbovu. Kwenye bodi nyingi za ndege, njia ya umeme ya sevo hailishwi na USB. Chomeka betri (propela ikiwa imeondolewa, tafadhali) na sevo zitaamka. Ni kinga, kompyuta yako isibebe mzigo wa sevo.

La pili. Ukinunua bodi ambayo chipu yake kuu ni ya aina ya F4, S.BUS lazima iingie kwenye padi iliyoandikwa SBUS, sio RX yoyote tu. F4 haiwezi kugeuza signali yenyewe, kwa hiyo watengenezaji huweka kigeuzi kwenye padi hiyo moja. F7 na H7 zinageuza zenyewe, unaweza kutumia RX yoyote. CRSF haihitaji kugeuzwa, kwa hiyo usiiweke kwenye padi ya SBUS ya F4.

La tatu ni la moyoni. Jairo haisamehi mwelekeo mbaya. Kabla ya kurusha, shika ndege, iinamishe bawa la kulia. Aileroni ya kulia lazima ishuke kulirudisha. Ikipanda, jairo itaiangusha kabla hujapumua.

Mwanaziwa (Kigoma)

Asante sana dada, hilo la tatu watu waliandike kwenye karatasi walibandike kwenye boksi la ndege.

Sasa felisefu, yaani ndege ifanye nini ikipoteza mawimbi ya rimoti. Nimeliweka mwishoni kwa sababu ndilo linaloniumiza kuona watu wanalipita.

Kwenye risiva ya PWM, risiva ndiyo inayoamua. Ukiweka dikoda yako mwenyewe, wewe ndiye unayeamua, hata kama hukujua. Maktaba ya Servo ya Arduino inakumbuka namba ya mwisho uliyoipa na inaendelea kuituma bila kuchoka. Nilizima rimoti mezani nikiwa na mafuta nusu (chaneli ya kuendesha mota sisi tunaiita mafuta). Mota ikaendelea kuzunguka. Dakika nzima. Namshukuru Mungu propela nilikuwa nimeitoa. Nilikaa pale nikifikiria ile ndege ingekuwa hewani juu ya Kibirizi, watu wameanika dagaa, watoto wanacheza, na mimi nimeshika rimoti isiyo na kazi.

Kwenye S.BUS, ile baiti ya bendera, ya pili kutoka mwisho, ndiyo inayokwambia. Biti ya thamani 4 inasema furushi limepotea, ya thamani 8 inasema risiva imeingia felisefu. Isome. Na usiitegemee peke yake, kwa sababu waya ukikatika hakuna furushi lolote litakalokuja kukwambia. Weka saa ndani ya programu: zikipita milisekunde 500 bila furushi zima, mafuta yaende 1000, eleveta na aileroni katikati, ruda igeuke kidogo ili ndege izunguke na kushuka karibu badala ya kwenda zake kijiji cha jirani.

Kisha jaribu yote mawili, propela ikiwa imetolewa: zima rimoti, halafu washa na uchomoe waya wa S.BUS. Mota lazima ife mara zote mbili. Ikikosa kufa katika jaribio hata moja kati ya hayo, ndege haitoki nyumbani.

Na kwa wageni: rushia mbali na watu na mbali na uwanja wa ndege, na masuala ya vibali waulizeni TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) mapema. Tunaupenda mchezo huu, tusiuharibie jina.

Fundi Redio Kasulu

Nimekuelewa na nimebadili mawazo nusu. Nitajaribu dikoda kwenye glaida. Kapasita je? Nimeona watu wanaweka kubwa kwenye tundu la risiva lililo wazi.

Mwalimu wa Fizikia

Inasaidia kwa mshtuko mfupi, fundi. Maikrofaradi 1000 hadi 2200, ya volti 10 au zaidi, kati ya chanya na hasi kwenye njia kuu ya sevo. Zingatia upande wa hasi, ukigeuza inapasuka. Lakini kapasita inaziba shimo la milisekunde tu. BEC dhaifu itabaki dhaifu.

Asali_Tabora

Narudi na majibu. Nimeweka BEC ya swichi ya ampea 5, nikachomoa mwekundu wa ESC. Mita nimeiweka kwenye njia ya sevo, nikazikwamisha mbili kwa mkono. Kabla ilikuwa inashuka mpaka 4.1 na risiva inazima taa. Sasa inakaa 4.9. Nimeizima rimoti, mota imekufa. Nimechomoa waya, imekufa.

Tatizo moja limebaki. Nikisukuma mafuta, aileroni ndiyo inapanda, na ESC inalia bila kukoma.

Dada Rubani

Mpangilio wa chaneli. Rimoti za FlySky huanza na aileroni, kisha eleveta, mafuta ni ya tatu, ruda ya nne. Programu nyingine huweka mafuta kwenye ya kwanza. Angalia mistari ya kwanza ya programu yako ya Arduino, nadhani umenakili ya mtu aliyetumia rimoti nyingine. ESC inalia kwa sababu inapewa 1500 kutoka kwenye aileroni na inasubiri ishushwe hadi chini ndipo ikubali kuwaka.

Asali_Tabora

Ndicho chenyewe dada. Nimebadilisha 0 kuwa 2, ESC imelia mara tatu ikanyamaza. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko uwanjani na Kijana wa Isevya, kabla ya jua.

Kijana wa Isevya

Nitakuja na mita na betri ya pili. Wakubwa, msilale mapema kesho jioni, tutaleta majibu hapa hapa.